Mshono wa Mkono wa Kushoto

"Njoo hapa, binti. Njoo uone ulichokifanya."

Hata begi langu la safari sikuwa nimelitua. Nilikuwa nimetoka kituo cha mabasi moja kwa moja mpaka karakana, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi, na moyoni nilikuwa na hamu moja tu, ya kumwona Shoto. Nilimwona. Alikuwa kwenye kona yake ya rangi, ameinamia kisahani cha rangi nyeusi, anakoroga kitu kilichokwisha korogeka zamani. Hakuinua uso.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Mama Fundi, mwenye karakana, huitikia shikamoo hata akiwa ameshika sindano kwa meno. Siku hiyo hakuitikia. Alivuta taa ya mezani ikawa juu ya mkoba mweusi, akanielekezea kwa kidevu.

Ulikuwa mkoba wa mke wa daktari wa meno. Niliuacha umefunikwa kitambaa cheupe, ubavu mmoja uko wazi. Ni mkoba ule wa kifuniko, wenye mnyororo wa rangi ya dhahabu uliosukwa utepe wa ngozi ndani yake. Ngozi yenyewe ni ya mwanakondoo, imepigwa mishono ya almasi mpaka ikavimba kama kigodoro cha mtoto mchanga. Mikoba ya namna hiyo hutoka kwenye nyumba kubwa ya mitindo huko ng'ambo, na wenye nayo huirithishana mama kwa binti, kama wengine wanavyorithishana shamba. Sisi hatuitengenezi. Sisi tunaiponya. Rafuni kwetu kumejaa wagonjwa wa kila sura: mikoba ya ndoo inayofungwa kwa kamba ya kuvuta, mikoba ya tandiko, ya nusu mwezi, ya turubai iliyopakwa utomvu, na ule mmoja wa ngozi ya mbuni wenye vipele ambao mzee wetu Babu Vyuma anauita Tetekuwanga.

Sasa ubavu ule ulikuwa umefungwa. Umeshonwa mwanzo hadi mwisho. Na haukushonwa na mimi.

Nieleze hapa, ili anayesoma anielewe. Pale kwetu mshono ulioanzwa na mkono mmoja humalizwa na mkono huohuo. Mshonaji akiugua, akifiwa, akisafiri, mkoba hufunikwa kitambaa ukamngoja. Tunashona kwa sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta. Sindano moja inaingia huku, nyingine inatokea kule, na kila mtu ana uvutaji wake. Ukiona mshono wako umemaliziwa na mtu mwingine, ujue umeshaachishwa kazi, imebaki kuambiwa tu.

Niliinama. Mishono ya mtu wa mkono wa kulia huegemea mbele, kama watu wanaopanda kilima. Hii ilikuwa imeegemea nyuma. Na katika karakana nzima aliyetumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja, ndiyo maana hata mama yake mzazi, Mama Fundi mwenyewe, alimwita Shoto.

"Almasi za juu na za chini zinakutana?" Mama Fundi akauliza.

"Hazikutani, mama."

"Zinapishana kama majirani waliogombana. Na hapa umevuta mpaka ngozi imekunja uso. Mkono wako umeharibika tangu lini?"

"Mama, mimi..."

"Shoto ameniambia ulimaliza jioni ile kabla hujaenda kumuuguza shangazi yako. Nikamuuliza mara mbili. Mpole ndiye aliyefunga ubavu huu? Akasema ndiye."

Mpole ndilo jina langu pale. Nilipewa kwa sababu naweza kukaa asubuhi hadi jioni bila kusema neno, nikitazama tu.

Nilimtazama Shoto. Safari hii aliinua macho, mara moja, akayarudisha kwenye kisahani. Nililijua jicho lile. Ndilo alilokuwa akinitupia kila aliponiletea mkoba wa kushona, vidole vyake vikichelewa kidogo juu ya vyangu, vyeusi kwa rangi siku zote, hata nikawa narudi nyumbani na alama za vidole vyake mkononi na kuziosha mwisho kabisa. Jicho lile lilinifanya nikatae wachumba wawili walioletwa na baba mdogo. Siku hiyo lilikuwa linaniomba kitu kingine. Linaniomba ninyamaze.

"Labda alishona akiwa ndani ya basi," Babu Vyuma akasema kutoka kwenye fuawe yake. Yeye hushughulika na minyororo, bizimu za mikanda na kufuli. "Barabara yenyewe si unaijua."

"Babu, gonga vyuma."

"Nagonga, mwanangu. Mdomo nao ni chuma, usipotumika unashika kutu."

Mama Fundi hakucheka. "Mwenye mkoba anakuja mchana huu. Nimpe hivi? Jioni jina langu litakuwa kwenye kila saluni. Vua aproni uiweke mezani. Sindano zako chukua, ulikuja nazo."

Nilingoja. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nalo, limefika kwenye meno. Lakini lilikuwa neno la Shoto, si langu, na nilitaka alitoe mwenyewe. Kijiti cha kukorogea rangi kiligonga kisahani, tii, tii, tii.

"Mama, naomba nizungumze na Shoto kwanza. Kuhusu rangi ya ubavu."

"Kuhusu rangi," akasema polepole, akinitazama machoni. "Haya. Nendeni mkazungumze rangi."

Nyuma ya karakana kuna ua mdogo ambapo vipande vya ngozi huanikwa vikauke. Shoto alifunga mlango nyuma yetu, akanyoosha mkono kunishika bega. Nikalikwepesha.

"Shangazi anaendeleaje?" akauliza.

"Usimtaje shangazi."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Nimekuwa nakusikiliza tangu nilipoingia, sijasikia kitu."

Akashusha pumzi. "Simu ililia. Mama alikuwa kwa wauza ngozi. Mke wa daktari akasema ana harusi, anautaka mkoba wake mapema. Nikamwambia utakuwa tayari."

"Kwa nini hukumwambia mshonaji hayupo?"

"Angempigia mama. Mama angekuita. Ungemwacha mgonjwa kitandani, ungerudi unalia. Sikutaka ulie."

"Ungeniacha nichague mwenyewe pa kulilia."

"Nilitaka kukusaidia. Nimekuangalia siku zote unavyoshona, nikadhani mikono yangu imeshajifunza. Nilipita kwenye matundu yaleyale, sikutoboa jipya hata moja. Kila tundu nilikuwa nakuwaza wewe. Nilikushonea kwa mapenzi."

"Ulinishonea kwa mapenzi, ukanisingizia kwa uoga."

Akageukia ngozi zilizoanikwa, akaanza kuzipanga upya.

"Ulidhani hataona?" nikauliza. "Mama yako anaona uzi uliokatwa kwa meno ukiwa ndani ya bitana."

"Nilidhani atakasirika kidogo, atakwambia ufumue ushone upya, yaishe. Sikujua atasema uvue aproni."

"Sasa amesema. Ulikuwepo. Masikio unayo."

"Nikimwambia nimegusa mkoba wa mteja, atanitoa karakana. Unamjua mama. Alimtoa binamu yangu kwa sababu ya bizimu."

"Na mimi je, ananipandisha cheo?"

"Wewe ni tofauti." Alisema hivyo kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. "Wewe una mkono. Utapata kazi popote, karakana yoyote watakugombania. Mimi nikitoka hapa ni mpakaji rangi tu. Tungekaa kimya kidogo, mama apoe, halafu..."

Nilihisi masikio yanawaka. Mtu akikuonea ghafla, unaweza kusema alipitiwa. Huyu hakupitiwa. Alikaa akapima nani kati yetu ataumia kidogo, akaona mimi ndiye naweza kubebeshwa.

"Kwa hiyo ulishapanga," nikasema.

"Sikupanga, niliwaza tu."

"Shoto, unajua wewe ni ngozi gani?"

"Mpole, usianze."

"Wewe ni mwanakondoo. Laini, inang'aa, kila mtu akiipita dukani anataka kuishika. Lakini ukucha tu ukigusa, alama. Maji yakidondoka, alama. Mwenye nayo hawezi hata kuiweka chini, siku nzima anaibeba yeye. Mimi nilidhani nimepata ngozi ya ndama. Ile yenye chembechembe, unaikwaruza asubuhi, mchana huoni kitu."

Macho yake yalijaa maji. Siku nyingine ningemfuta. Nilikuwa nampenda hata pale, na hilo ndilo lililonizidishia hasira, kwamba mkono wangu ulitaka kwenda shavuni kwake na mimi nikawa naukunja ngumi.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Ingia ndani, useme neno moja. Mimi. Ni neno fupi, hata mtoto analiweza. Usipolisema nitatoka kwa mlango wa mbele, na usinifuate hata kwa kivuli."

Tuliingia. Mama Fundi alikuwa amekaa palepale, mikono kifuani, kama hakupumua tangu tutoke. Shoto alisimama mbele yake.

"Mama," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama, huu ubavu... nadhani... rangi yake itahitaji kurudiwa pembeni kidogo."

Babu Vyuma aliacha kugonga.

Sikulia wala sikufoka. Nilikwenda kwenye kikapu cha masalia, nikachukua kipande cha ngozi ya mwanakondoo kilichokwisha tobolewa matundu kwa ajili ya mazoezi, nikakibana kwenye kibano cha mbao. Nikapaka uzi nta. Nikatia sindano huku na huku. Kisha nikavuta kigoda changu.

"Kaa," nikamwambia Shoto.

"Mpole..."

"Kaa."

Alikaa. Nikampa sindano, zote mbili. Alizipokea kama mtu anayepewa mkaa.

"Shona. Kidogo tu. Nataka mama aone rangi."

Mkono wake wa kushoto ulianza, haukujua njia nyingine. Sindano iliingia, ikatoka, uzi ukavutwa. Ikaingia tena. Mishono ikajipanga mmoja baada ya mwingine, yote imeegemea nyuma kama watu wanaoshuka kilima. Nikauchukua mkoba wa mke wa daktari nikauweka ubavu kwa ubavu na kile kipande, chini ya taa. Hata kipofu angepapasa angejua ni mkono mmoja.

"Basi," Mama Fundi akasema. "Acha kuharibu ngozi yangu."

Shoto akaacha.

"Nilijua tangu jana," mama akasema, sasa akimtazama yeye. "Nilikuzaa mwenyewe. Nimekufundisha kushika kijiko, nimekukatia kucha. Ungeweza kushona gizani na mimi nikausoma mshono wako gizani. Nilipokuuliza mara ya pili nilikuwa nakupa mlango. Hukupita."

"Mama, nili..."

"Bado nasema. Leo nikasema nimfukuze binti wa watu mbele yako, nione. Nimeona. Ungeniacha nimtoe. Ungekaa hapo unakoroga."

Niligeuka. Nilidhani hasira yangu yote iko kwa mtu mmoja, kumbe ilikuwa na nafasi ya mwingine.

"Mama, ulijua?" nikauliza.

"Nilijua."

"Ulijua si mimi, ukaniambia mkono wangu umeharibika. Ukaniambia nivue aproni."

"Nilitaka kumpima mwanangu."

"Kwa mizani gani? Kwa mimi? Mmoja ananifanya ngao, mwingine ananifanya chambo. Nimetoka kumlisha mgonjwa kwa kijiko, sijanawa uso, nakuja kukuta mimi ni kitu cha kupimia watu."

"Usinipandishie sauti, binti."

"Sijapandisha, mama. Hii ndiyo sauti yangu. Hamjawahi kuisikia, ndiyo maana mnaiona kubwa."

Babu Vyuma alikohoa. "Mimi nilidhani ni bubu anayejua kusalimia," akauambia mnyororo wake.

Ndipo Shoto akasimama, kigoda kikaanguka. "Ni mimi," akasema. Sauti ilikwaruza. "Ni mimi, mama. Nilipokea simu, nikashona, nikadanganya. Na nampenda. Tangu alipokuja hapa na zile sindano zake kwenye kitambaa. Nataka kumwoa, nimeshindwa kukwambia."

"Hilo la kupenda hata bizimu zinalijua," Babu Vyuma akasema.

Mama Fundi alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Siyo huyu," akasema hatimaye.

"Ana kasoro gani?" Shoto akauliza.

"Hana. Hilo ndilo tatizo. Mshonaji naweza kumkemea, nikamwambia fumua, akafumua. Mkwe nitamkemeaje? Leo ni mkono wangu wa kulia. Kesho akiwa mke wako atakuwa mgeni wangu, nimpikie, nimbembeleze, na siku mkigombana atachukua sindano zake aondoke, na wewe hutafungua mdomo kumzuia. Nitakuwa nimepoteza mshonaji na mkwe kwa siku moja. Nimekuona leo. Sisemi kwa kubahatisha."

Maneno yale yaliniingia, kwa sababu yalikuwa ya kweli, na kweli ya mtu unayemkasirikia inachoma mara mbili.

Shoto alianza kufungua aproni yake. "Basi na mimi natoka. Kama anatoka, tunatoka wote."

"Hutoki na mtu," nikasema.

Akasita na kamba ya aproni mkononi.

"Usijigeuze shujaa sasa hivi, baada ya kusukumwa. Mchana mwenye mkoba anakuja. Yeye hana kosa na yeyote hapa. Inua kigoda changu."

Aliinua. Nilikaa, nikachukua wembe mdogo nikaanza kufumua ubavu ule, mshono kwa mshono, nikiupitisha wembe chini ya uzi bila kugusa ngozi, maana ngozi ya mwanakondoo ikikwaruzwa haisahau. Kila mshono aliosema aliniwaza akiushona, niliukata. Nilisikia anavuta pumzi kila uzi ulipokatika. Sikumwonea huruma. Au nilimwonea, lakini sikuionyesha.

Nikapaka nta uzi mpya. Nikabana mkoba kwenye kibano, nikapanga almasi ya juu na ya chini mpaka zikatazamana, nikaanza. Hakuna aliyeondoka. Mama Fundi alisogea akasimama nyuma ya bega langu, na safari hii mkono wake ulishika taa, akainamisha mwanga upande ninaoutaka kabla sijaomba.

"Nitakuja kwa baba yako mdogo," Shoto akasema kutoka upande mwingine wa meza. "Jumapili. Nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Utasema nini?"

"Kwamba nimekosa. Na kwamba nakutaka."

"Utakuja na nani?"

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. "Nitakuja peke yangu."

"Ukija peke yako, utaondoka peke yako. Mimi sitaolewa kwa siri, kwa kuchungulia dirishani nione kama mama wa mtu amelala. Nataka aliyesema siyo huyu aje aseme ni huyu, mbele ya watu wangu, kwa sauti ileile. La sivyo baki na rangi zako."

"Mpole, unamjua mama..."

"Namjua. Yuko hapa nyuma yangu, mwombe."

Nilishona. Uzi uliingia, ukatoka, ukalala mbele. Halafu nikamsikia akizunguka meza, viatu vyake vikikwaruza sakafu, akasimama karibu na mama yake.

"Mama," akasema. "Nakuomba. Sitaki uniombee, nitasema mwenyewe. Nataka uwe umekaa karibu nikisema. Na nikinyamaza tena, siku yoyote, unitoe mimi. Umwache yeye."

Babu Vyuma alikuwa ameinua nyundo na kusahau kuishusha. Nyuma ya bega langu pumzi ya Mama Fundi ilikuwa nzito, ya mtu ambaye bado amekasirika na hataki kuonekana amepoa. Mwanga wa taa ulitikisika, ukatulia tena juu ya mshono.

"Huyo baba yako mdogo," akasema, sauti bado ya ugomvi, "anakaa mtaa gani?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya ubavu, na kwenye kona mtu haachii uzi.